Matembezi ya picha Mji Mkongwe, Zanzibar: mmekula hela zetu, mkatuaibisha kwa wenyeji

Wakuu, nilitaka nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haipoi, kwa hiyo acha itoke hivi hivi.

Tangazo lilisema "kundi dogo, kiongozi mzoefu", na juu yake picha ya Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la sultani, na mnara wake wa saa. Ule mnara uliporomoka 25 Desemba 2020 pamoja na kipande cha mbele cha jengo! Mtu anakuuzia matembezi ya picha kwa picha ya kitu ambacho hakipo.

Kundi dogo likawa watu arobaini na ushee. Wanaozijua njia nyembamba za mtaa wa Kiponda wanajua, ikipita vespa unajibana ukutani. Sasa ongeza mabegi na tripodi. Tena tumeanza saa tano, jua la utosi: ukuta mmoja mweupe pee, wa pili kiza. Anayeijua kazi angetuita alfajiri maduka hayajafunguliwa, au jioni Forodhani vijana wakijirusha baharini.

Hayo yote ningeyameza. Lisilomezeka ni hili. Kiongozi alituambia, "Pigeni tu, huku wameshazoea." Mama wa watu amekaa barazani kwake anachagua mchele, kamera sita zikamjia usoni. Kavuta kanga kajifunika, bado wanapiga, mmoja anamwambia atoe mkono! Akatoka mzee ndani: "Nyie hata salamu hamna? Hapa kwa watu." Kiongozi akacheka, akasema tusogee. Nilibaki nyuma kumwomba mzee radhi. Akanijibu kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza: "Haidhuru mwanangu, ila waambie na wenzio."

Mji kuwa urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 hakujaugeuza studio. Mle watu wanapika, wanaoga, wanafiwa.

Mkunazini ndiyo sitaki hata kukumbuka. Pale kwenye sanamu za watumwa ndani ya shimo, minyororo shingoni, kiongozi akawapanga mabinti wawili ukingoni: "Tabasamu, inua kidevu." Mahali walipokuwa wakiuzwa watu mpaka soko likafungwa 1873!

Na huo uzoefu wenyewe? Kwenye milango katueleza kwamba njumu za shaba ziliwekwa kuzuia tembo. Tembo gani, Unguja? Mtindo ulitoka India, huku ukawa wa mwenye nyumba kujionyesha anazo. Mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na ule wa tao, kwake yote ni "milango ya Kiarabu". Hamjambo.

Sasa picha ya yule mama wa barazani iko kwenye ukurasa wa waandaaji mtandaoni, uso wazi, na nembo yao wamegonga juu. Nimewaandikia waishushe, wamenibloku. Hela yangu wakae nayo. Ila mliokuwepo siku ile, kama mnayo picha yake, nawaomba msiiweke popote, na anayefahamiana na wenye ukurasa awafikishie kwamba ile ishuke leo.

Halafu wametangaza nyingine. Safari hii wanakwenda Malindi, mtaa wa humo humo Mji Mkongwe, kuupiga picha ule msikiti wenye mnara wa pia. Siku waliyochagua ni Ijumaa, saa saba mchana.