Mnaosafisha mbwa hapa Tanga, mnakata kucha au mnakata vidole?

Wakuu habari za muda huu. Leo sina salamu ndefu. Mods wa jukwaa hili, nawaomba uzi huu msiuhamishie kule kwenye ufugaji wa kuku ambako hakuna anayesoma. Uacheni hapa hapa watu wauone.

Nina mtoto wa mbwa, dume, miezi mitatu tu. Mama yake German Shepherd, baba yake anamjua mama yake. Anaitwa Tomi. Kucha zimeanza kuwa ndefu, akipita kwenye tailizi unasikia ka-ka-ka, akikata kona mbio anateleza kama kalewa. Mbwa wa mtaani kutwa anazurura kwenye lami na kokoto, kucha zinasagika zenyewe. Huyu wangu anashinda uani kwenye mchanga wa Sahare, mchanga laini, utasaga nini?

Sasa hapa mjini kuna sehemu, siitaji, wameweka kibao kizuri kabisa: tunaogesha, tunanyoa, tunakata kucha. Elfu ishirini kila kitu. Nikampeleka. Kijana akampokea, akaniambia, "Bro subiri nje, mteja haingii. Mbwa akimwona mwenyewe anadeka." Nikamwambia huyu nimeshamzoesha kushikwa miguu, niacheni nimshike mimi, nyie mkate. Akajibu utaratibu wa ofisi ndio huo. Haya, utaratibu wa ofisi.

Nimekaa kwenye benchi hata jasho halijakauka, nikasikia mlio. Wanaofuga mbwa wanaujua. Kuna kulia kwa kudeka, kuna kulia kwa njaa, halafu kuna ule mlio mmoja mkali unaokatika katikati. Nikasukuma mlango.

Nilichokiona: kijana mmoja kamlalia Tomi kwa kiwiko shingoni. Mdomo wamemfunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kimezungushwa mpaka ngozi ya pua imekunjamana. Mwingine kashika mguu wa mbele, mkasi mkononi, kwenye meza matone ya damu. Mtoto kajikojolea. Na yule wa mkasi, badala ya kuweka pamba akandamize, anafungua chupa ya spiriti. SPIRITI, wakuu. Kwenye nyama mbichi. Nilimdaka mkono kabla hajamwaga.

Nikauliza hiki ni nini? Jibu nililopewa: "Kawaida mkuu, kucha nyeusi huwa zinatoa damu."

Hapo ndipo hasira zangu zilipo, kuliko hata damu yenyewe. Mtu anachukua hela za watu kwa kazi ya kukata kucha na hajui ndani ya ukucha kuna nini. Ndani ya ukucha wa mbwa kuna nyama hai yenye mshipa wa damu na mishipa ya fahamu. Ukucha ukiwa mweupe unaiona, ni ya pinki. Ukiwa mweusi huioni, kwa hiyo unakata vipande vyembamba vyembamba, kila ukikata unaangalia uso wa ukucha. Mwanzo ni mkavu, kama unga unga. Ukianza kuona kitone chenye unyevu pale katikati, simama hapo hapo, umeshafika. Haimaliziki leo? Rudi wiki ijayo. Kucha zikikatwa kidogo kidogo mara kwa mara, ile nyama nayo inarudi nyuma, hatimaye unaweza kuzifupisha bila tone la damu. Rangi haitoi damu. Anayetoa damu ni mwenye haraka.

Na damu ikitoka, maana hata daktari mzuri kuna siku mkasi unapitiliza, unakandamiza kwa pamba safi au kitambaa dakika kadhaa bila kufunua funua. Upo unga maalumu wa kukatisha damu ya kucha. Ukikosa, wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kupikia kastadi, unausukumia pale kwenye ncha. Spiriti kazi yake hapo ni kumfundisha mnyama kwamba kukatwa kucha ni kuchomwa moto.

Halafu ile tyubu. Sisi watu wa Tanga tunapenda baiskeli, sawa, lakini jamani tyubu ibaki kwenye baiskeli. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mimi na wewe. Anapoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, ulimi nje. Kwenye joto hili la kaskazi, chumba cha bati kisicho na feni, mtoto wa mbwa mwenye hofu, unamfunga mdomo ndi? Unamchemsha akiwa hai. Kuna vifunika mdomo vya kikapu ambavyo mbwa anavaa na bado anahema na kunywa maji. Wenye kazi yao wanavyo.

Nikasema mfungueni naondoka naye. Bado nikadaiwa nusu ya hela "kwa sababu tumeshaanza". Na nasaha ya kuagia nikapewa bure: "Huyu mbwa wako mkorofi, kanguruma, huyu baadaye atakuwa hatari." Wa miezi mitatu! Umemkaba shingo, umemkata nyama, kanguruma kidogo, mkorofi ni yeye!

Kunguruma ni mbwa anakwambia acha. Kabla hajanguruma alishakwambia kwa njia nyingine chungu nzima: analamba lamba midomo na hakuna chakula, anapiga miayo na hana usingizi, anageuza uso pembeni, weupe wa macho unatokeza, mkia unaingia katikati ya miguu, anakakamaa. Asiyejua kusoma hayo atasubiri meno. Na ukimpiga kila akinguruma, ataacha kunguruma kweli, siku moja atakurukia kimya kimya. Hao ndio mbwa mnaosema "aling'ata bila sababu". Na nchi hii kung'atwa si jambo dogo, kichaa cha mbwa kipo. Ukishang'atwa, hata na mbwa unayemjua, unaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali, huendi kubishana na mwenye mbwa kwanza.

Nimerudi naye mtaani anachechemea. Jirani yangu, mzee wa swala tano, mbwa hamgusi. Mate ya mbwa yakimpata atajitwaharisha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, ndivyo madhehebu ya Shafi yanavyofundisha, na mimi namheshimu, Tomi namfunga akipita. Mzee kasimama kizingitini kwake akaniuliza, "Mwanangu, huyo mnyama kafanywa nini?" Nikamweleza. Akasema, "Mmemwonea." Yaani mtu asiyeweza hata kumgusa kamhurumia kuliko aliyelipwa kumshika.

Na matokeo ndiyo haya sasa. Mtoto niliyekuwa naweza kumshika kila kidole, leo nikichukua kitana anakimbilia stoo kujificha. Mkasi asiuone kabisa. Mtoto wa mbwa kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi ndio anaamua dunia hii ina vitu gani vya kuogopa. Kitu kizuri ukimwonyesha wakati huo, anakizoea maisha yake yote. Na kibaya vile vile. Hawa wamemtia hofu humo humo kwenye umri huo.

Naona mtu keshaniandikia pembeni "mbwa ni mbwa tu, mshike kwa nguvu atazoea". Hazoei. Ngoja nieleze navyomrudisha, aliye na mtoto wa mbwa asome vizuri, wengine pitieni tu.

Nanunua dagaa wabichi pale soko la samaki la Deep Sea, nawachemsha bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), nawakata vipande vidogo. Nakaa chini sakafuni, simbebi mezani. Naweka mkono begani kwake, nampa kipande. Begani, kipande. Akishaona bega ni biashara ya dagaa, nateremsha mkono mpaka kwenye kiwiko, halafu kifundo, halafu kiganja. Siku nyingine naishia kwenye kiwiko tu, tunafunga hesabu. Akivuta mguu namwachia. HAPO WATU WENGI WANANIPINGA, wanasema ukimwachia umemdekeza. Ukimwachia anajua mlango uko wazi, kwa hiyo hana sababu ya kupigana. Mguu anaouvuta leo, keshokutwa anakuachia mwenyewe.

Na mpangilio una maana. Mguso kwanza, dagaa baadaye. Ukitanguliza dagaa ndipo umshike, mjanja huyu atajifunza kwamba dagaa ni dalili ya shari, ataanza kukimbia hata chakula. Waliosoma baiolojia sekondari wanamkumbuka Mrusi Pavlov na mbwa wake: ishara ndiyo ilitangulia, chakula kikafuata, mwisho mate yakawa yanatoka kwa ishara peke yake. Mimi nataka mkasi uwe ndiyo ishara hiyo.

Mkasi wenyewe upo sakafuni tu kwa sasa. Akiunusa, dagaa. Kisha kuna ule mlio wa kukata, "ta!", ambao kwake ndio balaa. Hapo natumia tambi kavu. Nakata kijiti cha tambi mbali naye, ta!, dagaa. Nasogea kidogo kidogo. Mlio ni ule ule, hakuna kinachouma. Siku nitakayokata ukucha wa kweli nitakata mmoja, ncha tu, basi. Nani alisema lazima zote ziishe kikao kimoja?

Kuna kingine ambacho kimenisaidia kuliko vyote maana hakina mkasi kabisa. Nimechukua kipande cha ubao, nikagundisha msasa wa seremala, nikauegemeza kwa mshazari. Tomi anajua kuparua, kila mbwa anajua. Akiparua ubao, dagaa. Kucha za mbele anajisaga mwenyewe huku anafurahi. Ule wa pembeni tu, wa kidole gumba, ndio haufikii, na ndio wa kuangalia sana kwa sababu haugusi chini, unaweza kujipinda mpaka ukaingia kwenye nyama.

Kuogesha nako ni hivyo hivyo, maji ya vuguvugu, kopo badala ya mpira wa maji, kichwa mwisho. Sabuni ya mbwa, maana ngozi yake si kama yetu, sabuni zetu zinaikausha. Masikioni usiingize kijiti cha pamba.

Na pale pale kwa hao jamaa nilikuta rafuni chupa ya dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe, yenye kemikali inayoitwa amitrazi. Wanasema wanaichovyea mbwa wote. Mtoto wa chini ya miezi 4 hatakiwi kuogeshwa amitrazi, na ikizidi mbwa analegea, mapigo ya moyo yanashuka. Kupe Tanga tunao wengi, sibishi. Dawa za mbwa zipo, daktari wa mifugo anapima uzito ndipo anatoa.

Sasa niwaulize. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Tuna Baraza la Veterinari. Chuo cha mifugo kipo Buhuri hapo hapo, siyo Ulaya. Inakuwaje mtu anaamka asubuhi, ananunua mkasi na mashine ya kunyolea, anapaka kibao rangi, na hakuna anayemuuliza umejifunza wapi?

NYONGEZA: Wanaodai nitaje jina la ofisi, sitaji. Nimeshaenda kwa afisa mifugo, suala liko kwake.

NYONGEZA 2: Mkuu uliyesema kwa daktari wanamchoma sindano ya usingizi ndipo wanakata, ni kweli, na kwa mbwa mkubwa aliyeharibika kabisa ni afadhali hivyo kuliko kumkaba. Ila achome daktari. Usiletewe dawa na fundi wa mtaani.

NYONGEZA 3: Dada wa Makorora, hapana, hujachelewa hata kama wako ana miaka miwili. Itachukua muda mrefu zaidi, na anza mbali zaidi, hata begani usianzie, anza na mkasi ukiwa upande wa pili wa chumba. Msasa chukua wa wastani. Ule wa chembe kubwa unachubua nyayo.

Anayemjua daktari wa mifugo Tanga mjini asiye na haraka, anayemruhusu mwenye mbwa kuingia ndani na kumshika mwenyewe, anitumie ujumbe. Chanjo ya kichaa ya Tomi imefika na sitaki sindano nayo ianze kwa kukabwa.