Kifafa kinachonishika usingizini tu: je, ni salama kulala peke yangu?

Mwalimu wa Chumba Kimoja

Shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 28, na ninaishi peke yangu katika nyumba ya walimu iliyojitenga na nyumba nyingine za kijiji. Nina kifafa ambacho, tangu kilipoanza nikiwa chuo cha ualimu, hakijawahi kunishika nikiwa macho. Watu husema fulani "ameanguka", lakini neno hilo halinihusu, kwa sababu ugonjwa hunikuta nimeshalala. Mimi huyaona mabaki yake tu asubuhi: ulimi umeumwa ubavuni, kuna doa la damu kwenye foronya, shuka limelowa, chandarua kimechomoka chini ya godoro, na misuli inauma kana kwamba nimelima kutwa. Siku ya namna hiyo huingia darasani nikasingizia malaria.

Ninatumia kabamazepini, miligramu 200 asubuhi na 200 jioni, ninayoichukua katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya. Tangu nianze dawa, nimetoka kushikwa mara tatu kwa mwezi hadi mara moja katika miezi miwili. Kwa kuwa kifafa changu ni cha usiku, je, ninaweza kuacha kidonge cha asubuhi, ambacho hunilegeza darasani, nikameza vyote viwili wakati wa kulala? Na je, kulala peke yangu kuna hatari ambayo sijaambiwa? Lipo na jambo jingine lisilo la kitabibu: nimechumbiwa, ndoa imepangwa baada ya mavuno, na mwenzangu hajui.

Tabibu Mstaafu

Marahaba, mwalimu. Nilikuwa afisa tabibu mkoani Morogoro, na sehemu ya kazi hiyo niliifanya upande wa Mahenge, ambako kifafa ni kingi kuliko sehemu nyingi za nchi na ambako Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wagonjwa wengi huko walimeza fenobarbitoni mara moja tu kwa siku, wakati wa kulala, na nadhani wazo lako la kumeza dawa zote usiku limetokana na habari za dawa hiyo. Fenobarbitoni, ambayo imetumika tangu 1912, hukaa mwilini kwa siku kadhaa. Kabamazepini ya kawaida haikai hivyo. Ukiimeza yote saa tatu usiku, itapanda kwa kasi na huenda ikakuletea kizunguzungu au kuona vitu viwiliviwili, halafu kesho yake mchana itashuka, na usingizi wa mchana nao ni usingizi. Nimewaona watu wa "kifafa cha usiku" wakishikwa saa nane mchana baada ya kujilaza kidogo. Wapo madaktari wanaompa mgonjwa kama wewe dozi kubwa jioni na ndogo asubuhi, lakini huo ni uamuzi wa anayekutibu. Usiache dawa kwa ghafla kwa sababu yoyote ile, kwani kuacha ghafla huweza kuleta mshtuko usiokatika.

Jambo ambalo ningelitilia mkazo zaidi ni kwamba kushikwa mara moja katika miezi miwili bado hakujatosha. Miligramu 400 kwa siku ni dozi ndogo kwa mtu mzima, na wengi hutulia katika 800 hadi 1,200, zikiongezwa taratibu. Rudi kliniki ukiwa na daftari lenye tarehe za asubuhi hizo, na ueleze pia usiku uliotangulia ulilala saa ngapi, maana kukosa usingizi, hasa msimu wa kusahihisha mitihani, ni kichocheo kikubwa. Wakikupima umeme wa ubongo ukiwa macho na majibu yakatoka safi, hilo halikanushi kifafa chako. Omba kipimo kirudiwe ukiwa umelala.

Kuhusu kulala peke yako, nitakueleza bila kuficha kwa sababu umeuliza. Kipo kifo cha ghafla kinachompata mwenye kifafa, takriban mtu mzima 1 kati ya 1,000 kila mwaka. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye mishtuko ya mwili mzima, mara nyingi hutokea usiku, na wengi hukutwa wamelala kifudifudi bila mtu karibu. Hupungua mishtuko inapodhibitiwa, na anapokuwepo mtu wa kusikia na kuamka.

Na kwa kuwa unaolewa: kabamazepini hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi, kwa hiyo mweleze muuguzi dawa unayotumia kabla ya kuchagua njia. Anza vidonge vya foliki kabla ya kubeba mimba. Wakitaka kukuhamishia kwenye sodiamu valproeti, sema wazi kwamba unatarajia kuzaa, kwani dawa hiyo inaweza kumletea mtoto tumboni ulemavu.

Mume wa Miaka Kumi na Moja

Dada mwalimu, mke wangu yuko kama wewe, na nitakueleza usilowahi kuliona. Huanza kwa sauti. Si kilio, ni kama pumzi inayokamuliwa kooni, kisha mwili unakakamaa, kisha kitanda kinaanza kugonga. Mara ya kwanza nilimsukumia kijiko mdomoni nikamvunja jino, na shangazi yangu aliyelala chumba cha pili alikataa kumshika kwa kuogopa povu. Siku hizi nafanya machache: natazama saa ya simu, naondoa mto, nafungua chandarua kisimzonge, na mitikisiko inapotulia namlaza ubavu ili mate yatoke. Kwa kawaida hukoma baada ya dakika mbili hivi, ingawa dakika mbili za saa nane usiku ni ndefu sana. Zikipita dakika tano, au mshtuko wa pili ukaja kabla hajarudiwa na fahamu, namwamsha jirani mwenye pikipiki na tunaelekea hospitali. Baadaye nakaa naye mpaka aweze kunitajia jina langu. Kitanda tumekikata miguu na kukisogeza mbali na ukuta, na koroboi tumeibadilisha kwa taa ya sola.

Mimi niliambiwa kabla ya mahari, na nilikasirika kwa wiki moja. Kama ningeligundua kwa kugongwa kiwiko usiku wa manane, ningekasirika kwa miaka. Fahamu pia kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inakitaja kifafa cha kujirudia, kando ya wazimu (jambo linaloniudhi hadi leo), kuwa sababu ya mwenzi kuomba ndoa ibatilishwe, iwapo hakuijua hali hiyo wakati wa kuoana. Aliyeambiwa mapema hana hoja hiyo mkononi.

Mwalimu wa Chumba Kimoja

Nawashukuru. Nimekwenda kliniki na daftari, dozi ya jioni imeongezwa, na nitarudi baada ya wiki mbili ili waone nimeipokeaje. Kidonge cha asubuhi ninaendelea nacho. Nimehamishia kitanda changu katika nyumba ya mwalimu mwenzangu wa kike, ambaye nilimweleza juzi jioni tulipokuwa tukichambua mchicha. Nilimwonyesha namna ya kunilaza ubavu, nikamwambia atazame saa na asitie kitu mdomoni. Aliuliza swali moja tu, kama povu linaambukiza, nikamjibu kwamba haliambukizi, tukaendelea na mchicha.

Mchumba wangu nimemwambia kwa simu siku ya Jumapili. Alinyamaza kwa muda, kisha akaomba siku chache za kufikiri. Nimempelekea maelezo ya kaka hapo juu, kuanzia sauti ya kooni hadi dakika tano, na bado ninasubiri.