Msitu wa vijiji Kigoma: tuulinde au tuulime?

Wadau, habari zenu.

Kila mjadala wa ardhi mkoani kwetu haukosi kauli hii: "Sokwe wana Gombe na Mahale, huko kwingine tuachieni tulime." Naomba tuijadili bila kuoneana haya, kwa sababu naamini inatupeleka pabaya.

Hifadhi ya Taifa ya Gombe ni ndogo mno. Ukiondoa eneo la ziwa, nchi kavu yake haifiki kilomita za mraba 40, na sokwe wake ni kama mia hivi. Ukipanda hadi juu ya milima yake ukatazama mashariki, unaona mihogo, migomba na michikichi hadi mpakani. Sokwe jike akipevuka kwa kawaida huhamia kundi lingine kwenda kuzaa, na ndivyo damu inavyochanganyika. Sasa ahamie wapi? Halafu kuna maradhi. Mwaka 1966 polio iliwapooza na kuwaua baadhi ya sokwe wa Gombe, na hadi leo mafua yetu ya kawaida yanaweza kuwaua. Kundi dogo lililozingirwa pande zote likipigwa hivyo, linajazwa na nani?

Mahale ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 1,600, na ni hifadhi ya taifa tangu 1985. Hata hivyo inakadiriwa kuwa robo tatu ya sokwe wa Tanzania wako nje ya hifadhi za taifa, kwenye misitu ya Masito, Ugalla na Tongwe. Huko ndiko mkaa unakochomwa, mifugo inakoingizwa na mashamba mapya yanakofyekwa. Kwa hiyo tukisema "huko kwingine tulime", tunazungumzia sokwe walio wengi.

Mawese siyapingi, ni uchumi wetu. Lakini mchikichi mkongwe wa dura, ile aina ya asili, ukiung'oa ukapanda tenera, yaani mbegu chotara, unapata mafuta mengi zaidi palepale, bila kufyeka mti hata mmoja.

Msimamo wangu: msitu wa kijiji ulindwe na kijiji chenyewe. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake, kujiwekea sheria ndogo na kutoza faini. Baada ya TACARE, mradi wa Taasisi ya Jane Goodall wa kutunza mazingira pamoja na wanavijiji, kuanza 1994, vijiji jirani na Gombe vilitenga misitu, visiki vikaachwa vichipue, na vilima vilivyokuwa vipara vimeota tena.

Naomba kuwasilisha.

*Mchangiaji:* Mkuu, mimi ni mkulima, Uvinza. Watoto wangu wamekuwa watu wazima na shamba ni lilelile la marehemu baba. Nyani wakimaliza mahindi, hakuna anayekuja hata kutupa pole. Mama akikutwa na mzigo wa kuni anakamatwa, lori la mkaa linapita usiku. Huo ulinzi ni wa nani?

*Mleta mada:* Kaka, kuhusu lori sina cha kukupinga. Ulinzi unaomkamata mama na kuachia lori unawafundisha watu kuuchukia msitu, na mimi nikiwa wewe ningeuchukia pia. Ndiyo maana nataka faini ya lori hilo iingie kwenye akaunti ya kijiji, na isomwe kwenye mkutano mkuu kila mtu akisikia.

Ila kwenye kugawa msitu hatukubaliani. Wanao wakigawiwa Masito leo, wajukuu zako watagawiwa nini? Na mteremko ukishafyekwa, mvua inashusha udongo hadi ziwani, kwenye mazalia ya samaki. Tunapoteza shamba na kitoweo kwa pamoja.

Nikuulize, na wengine wajibu: kwenye kijiji chako mpango wa matumizi bora ya ardhi upo? Ulipopitishwa, wakulima mliitwa, au mlikuta mipaka imeshachorwa?