Tshibumba Kanda-Matulu: mchoraji au mwanahistoria?

MwanaKasapa
Wakubwa, salamu kutoka Lubumbashi. Ninaandika TFC yangu (kazi ya kumalizia masomo chuoni) juu ya mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa hapa mjini mwaka 1947 na ambaye habari zake zilikatika mwaka 1981. Yeye mwenyewe alijiita mwanahistoria, lakini mwalimu anayenisimamia amelikata neno hilo kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni "mchoraji". Je, nilitetee au niliache?

PapaKatuba
Mwanangu, litetee, ila si kwa sababu tu alijiita hivyo. Mnamo 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha huko huko chuoni kwenu, picha 101 zinazoanzia zamani za kabla ya Wazungu hadi utawala wa Mobutu, kisha akaketi naye kuzieleza kwa Kiswahili chetu cha Katanga huku kinasa sauti kikizunguka. Anayeamua tukio lipi litangulie, lipi liachwe, na kwa nini, anafanya kazi ya historia hata kama karatasi yake ni kitambaa cha mfuko wa unga. Tazama picha ya tarehe 17 Januari 1961, siku waziri mkuu wetu wa kwanza alipouawa: Lumumba amelala chini pamoja na wenzake Mpolo na Okito, damu ya ubavuni mwake inaandika ardhini neno "Unité", yaani Umoja, na kwa mbali imesimama misalaba mitatu. Usiku ule Tshibumba alikuwa kijana wa miaka 13 hivi. Hasemi kwamba aliona, anatoa hukumu.

MamaRuashi
Sipingani na Papa, lakini kuna jambo amelipita haraka. Watu wa mjini hawakununua picha 101. Walinunua moja, ya kutundika saluni, yaani sebuleni, nao waliiita ukumbusho. Kwetu ilikuwepo Colonie belge (Koloni la Ubelgiji), sijui ya mkono wa nani maana wachoraji wengi waliirudia: mfungwa amelala kifudifudi, askari mweusi ameinua fimbo, Mbelgiji anatazama. Mgeni akiuliza, babu alianza na fimbo ile akaishia kwenye mgomo wa kampuni ya madini ya Union Minière wa mwaka 1941, chai ikapoa mezani. Mfululizo mzima ulizaliwa kwa kuwa alipatikana mnunuzi mgeni aliyeutaka, na leo unahifadhiwa Amsterdam, si hapa. Kwa hiyo uliza pia kama historia ilikaa kwenye kitambaa, au kinywani mwa mwenye nyumba.

PapaKatuba
Hapo Mama amenishika. Hata hivyo, bila kitambaa babu asingeulizwa.

MwanaKasapa
Asanteni sana. Neno nitalirudisha, na sura ya tatu nitaiandika juu ya wanunuzi. Mama, picha hiyo bado ipo? Ningeomba kuja kuiona.

MamaRuashi
Ipo, ingawa unyevu umekula miguu ya askari. Njoo Jumapili baada ya misa.