Nisikilizieni wimbo huu, mbona sauti yangu inazama?

Mzawa_wa_Chuno (Mtwara)
Wakuu, habari za humu. Nimerekodi wimbo chumbani kwangu kwa maiki ya USB na laptopu. Ngoma kapiga mjomba, mtu wa sindimba tangu ujana wake, nikamrekodi uani kwa simu. Kwenye hedifoni naona uko poa. Nikiupiga kwenye bajaji ya mshikaji, besi inafunika kila kitu, maneno hayasikiki. Nimepandisha sauti mpaka inapasuka. Semeni ukweli, msinionee haya.

Fundi_Spika (Lindi)
Mkuu, shusha, usipandishe. Wimbo mzima umegota 0 dB, yaani kilele cha kipimo cha sauti kwenye kompyuta, ndiyo maana kila kiitikio kikiingia panapasuka. Shusha treki zote mpaka jumla yake iishie kama -6 dB, halafu anza na sauti na ngoma tu. Besi ije mwisho.

Kinachomeza maneno ni eneo la 200 hadi 400 Hz, yaani sauti nzito nzito. Besi imejaa hapo, gitaa limejaa hapo, na wewe umeimba mdomo ukikaribia kuigusa maiki. Maiki nyingi za namna hiyo huvimbisha sauti nzito ukizisogelea hivyo. Punguza dB 3 hapo kwenye gitaa na besi. Kwenye sauti yako kata chochote kilicho chini ya 90 Hz. Nyuma ya ubeti wa kwanza nasikia na mngurumo, nahisi ni friji. Izime ukirekodi, samaki hawaozi kwa nusu saa.

Rivabu, ule mwangwi wa kuongeza kwa kompyuta, umeimwaga ili kuficha mwangwi wa chumba. Haufichiki, unazidi. Tundika godoro nyuma ya mgongo wako, maana maiki inatazama huko, kisha rudia ubeti.

Sasa ngoma ya mjomba: hiyo ndiyo mali! Kiki, lile dundo zito uliloliweka kwa kompyuta, inakwenda kama saa ya ukutani, mzee anachelewa kidogo kwa makusudi, basi kuanzia ubeti wa pili wanagombana. Usimnyooshe mzee. Itoe kiki.

Bibi_Mikindani
Mimi si fundi, mwanangu, ni msikilizaji. Ubeti wa pili nimeambulia "korosho" na "stakabadhi ghalani" tu, na hizo s zinachoma masikio. Kama una la kusema kuhusu bei ya korosho na huo mfumo wa kuziuza kupitia maghala, tulisikie.

Dogo_Ligula
Shikamoo bibi. Hizo s zipo kati ya 5 na 8 kHz, azipunguze pale zinapotokea tu, asikate wimbo mzima utakuwa kama kaimba na barakoa. Ila Fundi, kiki ibaki bwana, vijana watachezea nini? Halafu gitaa: kwenye hedifoni lipo kushoto na kulia, kwenye spika yangu moja ya Bluetooth limepotea kabisa. Mzawa, umelipanua kwa kugeuza mawimbi upande mmoja. Spika ikiwa moja, pande zinafutana.

Fundi_Spika (Lindi)
Ibaki basi, lakini isogezwe pigo kwa pigo imfuate mzee. Kazi ya jioni nzima hiyo, nakuonya. Na la gitaa dogo kasema kweli, sikuligundua kwa spika zangu mbili.

Mzawa_wa_Chuno (Mtwara)
Asanteni sana. Bibi, shikamoo, bei ipo ubeti wa tatu. Mjomba anauliza kama niweke ngoma peke yake mwisikie.

Fundi_Spika (Lindi)
Weka. Usiiguse kwa ekwalaiza, yaani usipunguze wala kuongeza uzito au wembamba wa sauti yake.