Bibi Titi ni nani hasa, zaidi ya jina la barabara?

Wakuu habarini, kila siku napita Bibi Titi na daladala kwenda kazini, leo binti yangu kaniuliza huyu bibi ni nani nikabaki namung'unya maneno. Aliye na historia yake anisaidie tafadhali.

Mdau wa Ilala: Mkuu huyo ni mtoto wa Dar kabisa, kazaliwa 1926, alikuwa mwimbaji wa ngoma, ndo maana TANU, kile chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilipomkabidhi kitengo cha wanawake 1955 akaanzia kwenye vikundi vya ngoma vya kina mama, mana kule watu walikuwa wanamjua na kumwamini tayari. Mi naona bila wale kina mama TANU ingechelewa sana.

Mama wa Temeke: Mwambie na upande mchungu pia. 1969 alikamatwa kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Inaniuma mpaka leo. Alifariki 2000.

Mpenda taarab: Akikua mwambie na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, aliuza vyungu, 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili!

Mleta mada: Asanteni sana, jioni namsimulia.