Mtoto hahitaji kiatu cha hospitali, anahitaji kiatu kinachomtosha

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima, lakini malalamiko haya nayaelekeza moja kwa moja kwa wauzaji wa viatu vya watoto, kwa wanaoviagiza kutoka nje na kwa walimu wakuu wanaotunga orodha za sare. Mmewagawa watoto wa nchi hii katika makundi mawili: wale ambao miguu yao inaingia katika kiatu mlichokileta, na wale ambao wazazi wao mnawaambia wawapeleke hospitali. Kundi hilo la pili si dogo kama mnavyodhani, na wengi waliomo hawahitaji matibabu yoyote.

Mwanangu yuko darasa la tatu hapa Dar es Salaam. Alizaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo wake wa kushoto ulikuwa umepinda kuelekea ndani, hali inayompata takriban mtoto mmoja au wawili katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Alitibiwa kwa njia ya Ponseti, iliyopewa jina la daktari aliyeianzisha huko Iowa, Marekani: alifungwa plasta iliyokuwa ikibadilishwa kila wiki, akakatwa kidogo kano ya kisigino, kisha akavalishwa viatu vilivyounganishwa kwa ufito wa chuma, mwanzoni karibu usiku na mchana kwa miezi mitatu, baadaye wakati wa kulala tu, mpaka alipotimiza miaka minne. Ufito huo ni wa aina ya Steenbeek, uliobuniwa Uganda ili mafundi wa huku waweze kuutengeneza kwa ngozi na chuma cha kawaida, kwa gharama ndogo. Nalitaja hilo kwa makusudi. Kwa mtoto mchanga mwenye mguu uliopinda, palipatikana watu waliokaa chini wakafikiri namna ya kumtengenezea kiatu cha bei nafuu papa hapa Afrika Mashariki. Mtoto huyohuyo akishapona na kutaka kwenda shule kama wenzake, soko zima linamgeuzia kisogo.

Leo anakimbia, anacheza mpira, na asiyejua historia yake hawezi kumtambua uwanjani. Kilichobaki ni kwamba unyayo uliotibiwa ni mfupi na mpana kuliko mwenzake, jambo la kawaida kwa watoto waliozaliwa na tatizo hili mguu mmoja. Wa kushoto unavaa namba 29, wa kulia namba 31. Wataalamu waliomtibu walinieleza wazi kwamba hahitaji kiatu maalumu cha tiba, bali kiatu cha kawaida kinachomkaa vizuri. Nilifurahi sana niliposikia maneno hayo, kwa sababu nilidhani sehemu ngumu imekwisha.

Nendeni Kariakoo mkaone. Ukimwambia muuzaji kwamba unataka cha kushoto namba 29 na cha kulia namba 31 cha muundo uleule, anakutazama kana kwamba umemtukana. "Mama, hapa tunauza jozi, hatuuzi kiatu kimoja kimoja." Naelewa hofu yake ya kubaki na viatu visivyo na wenzake, na sikatai kwamba ni hasara. Ninachokataa ni kwamba hasara hiyo yote iangukie kwa mzazi, kila mwaka, bila hata punguzo la shilingi elfu moja. Nikiomba wagawane nami hasara hiyo, niwalipe jozi moja na nusu, jibu ni lilelile. Hivyo nalipa jozi mbili, na kabatini mwangu mna viatu vipya vya shule, ngozi yake ingali inanukia duka, ambavyo havijawahi kukanyaga ardhi na havitakanyaga. Huko Marekani duka la Nordstrom kwa miaka mingi limekuwa likimuuzia mteja jozi ya saizi mbili tofauti kwa bei ya jozi moja, mradi tofauti ya miguu yake ifike saizi moja na nusu. Halijafilisika.

Muuzaji akishindwa kukupa saizi mbili, anakushauri ununue kubwa kwa miguu yote miwili, kisha ujaze pamba mbele. Ushauri huu nimeusikia Kariakoo, nimeusikia Mwenge, nimeusikia Tandika, tena kwa watu wenye nia njema. Naomba tuutazame kwa hesabu. Namba hizi tulizozoea za viatu, 29, 30, 31, hupima urefu peke yake, na kutoka namba moja hadi inayofuata ni karibu milimita saba. Mguu wa kushoto wa mwanangu ni mpana, kwa hiyo ili vidole visibanwe kwa upande, wananipa namba 32. Hapo kiatu kimezidi urefu wake kwa namba tatu, yaani sentimita mbili kamili. Mtazameni mtoto akitembea ndani ya kiatu hicho: kisigino kinatoka kila anaponyanyua mguu, vidole vinajikunja kung'ang'ania soli ili kiatu kisichomoke, na pamba ikishalowa jasho inajikusanya chini ya dole gumba na kuwa donge. Jioni unavua soksi nyeupe unakuta imegandamana na kisigino kilichochubuka. Kisha unaambiwa, "Atakua tu." Atakua, ndiyo, lakini mguu wa kushoto hautaacha kuwa mdogo kuliko wa kulia.

Na hapa ndipo hasira yangu kwa waagizaji inapoanzia. Upana wa mguu hupimwa, haukisiwi, na wenzetu wanaupima tangu zamani. Viatu vya watoto vya Clarks vya Uingereza huandikwa herufi pembeni mwa namba: F ni upana wa kawaida, G ni mpana, H ni mpana zaidi. Ujerumani viatu vingi vya watoto huwekewa alama W, M au S, kwa mguu mpana, wa wastani na mwembamba. Haya sikuyasoma dukani, nimeyasoma kwenye ulimi wa viatu vya mtumba, pale Karume, nikiinama juu ya turubai na kufunua kiatu kimoja baada ya kingine kutafuta herufi ndogo iliyokaribia kufutika. Fikirini jambo hilo. Mzazi wa Kitanzania anayetaka kiatu kipana cha mtoto anakipata tu kama kimeshavaliwa na mtoto wa Ulaya, kikachakaa, kikafungwa kwenye belo na kuvuka bahari. Viatu vipya vinavyoletwa kwa makontena, ambavyo mwagizaji angeweza kuagiza kwa upana wowote anaoutaka, vinakuja kwa upana mmoja, navyo vyembamba.

Mtumba umenisaidia na siudharau. Lakini kiatu cha ngozi kilichovaliwa kimeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Soli imelika upande aliozoea kukanyagia, na kwa mtoto ambaye mguu wake ulinyooshwa kwa taabu, sitaki kuukanyagisha kwenye mwinamo wa mtu mwingine.

Nisionekane kama ninapigania mwanangu peke yake. Pale tulipokuwa tukihudhuria kliniki nimekaa benchi moja na mama wa binti mwenye Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa mwili na akili; watoto wengi wenye hali hiyo wana nyayo fupi na pana na nafasi kubwa kati ya dole gumba na kidole cha pili. Yeye alikuwa ameshakata tamaa na viatu vya kufunika, akawa anamvalisha bintiye yeboyebo hata kwenye mvua na baridi ya asubuhi. Nimekaa na baba wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anayevaa kishikizo cha plastiki kinachopanda kutoka unyayoni hadi nyuma ya shavu la mguu. Kishikizo kile amekipata, tena kwa msaada, lakini hakuna kiatu cha shule kinachofunguka vya kutosha mguu na plastiki yake viingie pamoja, kwa hiyo kifaa kinabaki nyumbani juu ya kabati na mtoto anakwenda shule bila hicho. Wapo pia watoto wasio na historia yoyote ya hospitali, wana miguu mipana tu kama walivyozaliwa, hasa waliokulia pekupeku.

Sasa nije kwa walimu wakuu. Serikali ilishaondoa ada katika shule za msingi za umma, na kuanzia mwaka 2016 ikaondoa na michango ya lazima, nasi tunashukuru, lakini sare na viatu vilibaki mzigo wa mzazi, na orodha ya sare imeandikwa kana kwamba watoto wote wametoka kiwanda kimoja: viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, soksi nyeupe. Muhula uliopita nilimnunulia mwanangu raba nyeusi zenye mkanda wa kunata, kwa sababu kitambaa chake kinatanuka na mkanda unaweza kulegezwa upande wa mguu mpana. Alitembea vizuri kwa mara ya kwanza tangu aanze shule. Mwalimu wa zamu alimtoa mstarini mbele ya wenzake na kumrudisha nyumbani. Nilipokwenda na kadi ya kliniki mkononi, nilijibiwa, tena kwa adabu, "Mama, nikimruhusu huyu, kesho wote watakuja na raba." Mwalimu, kadi ilikuwa mezani kwako. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi katika elimu, na hata bila sheria, sijui raba nyeusi inamzuia vipi mtoto kujifunza kuzidisha na kugawanya. Mtoto akikosa kiatu kinachokubalika anakuja na ndala au anabaki pekupeku, na katika viwanja vyetu vya shule minyoo ya safura huingia mwilini kupitia ngozi ya unyayo. Hilo ndilo tunalolichagua ili mstari wa asubuhi upendeze.

Wapo watakaosema, nenda kwa fundi. Nimekwenda. Karakana za hospitali hutengeneza viatu kwa kipimo na hutengeneza vizuri. Mafundi wake ni watu waliosomea kazi, wengine hapo Moshi, hospitali ya KCMC, ambako chuo cha TATCOT kimekuwa kikifundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa tiba tangu 1981. Ila jozi moja niliyotajiwa bei ingetosha kunivalishia watoto wote wa nyumbani kwangu, na mguu wa mtoto wa miaka minane hausubiri mwaka uishe. Isitoshe, nimerudia kusema: huyu hahitaji kiatu cha tiba. Kumpeleka karakana ya hospitali ni kumnyang'anya nafasi mtoto anayeihitaji kweli.

Fundi wa mtaani naye aliniambia ukweli ambao sijausahau. "Dada, kushona si shida. Shida ni kalibu." Kiatu hujengwa juu ya kalibu, umbo la mguu la mbao au plastiki, na yeye anazo za watu wazima na chache za watoto, zote za upana mmoja, alizozirithi. Akitaka kupata upana anabandika vipande vya ngozi juu ya kalibu, anakisia. Alinitengenezea jozi nzuri kwa macho, ikapwaya kisigino.

Hii ni nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30. Ilijenga Morogoro, kwa fedha za Benki ya Dunia, kiwanda kilichokusudiwa kuzalisha jozi milioni nne za viatu kwa mwaka, nyingi zikilengwa kuuzwa Ulaya, na hakikuwahi kukaribia kiwango hicho mpaka kikafa. Miguu ya Ulaya ilifikiriwa kabla ya miguu ya watoto wa Morogoro wenyewe. Leo viwanda vya ngozi vinafufuliwa, na kila kiongozi akivizindua anasifia buti za askari. Sijasikia hata kiwanda kimoja kikiulizwa kama kina kalibu za watoto za upana wa aina mbili tu, achilia mbali tatu.

Ninachodai si kikubwa. Muuzaji wa jumla anayefungua makatoni ya muundo mmoja, saizi zote, anaweza kutenga siku au rafu ya kuuza vilivyotofautiana saizi, kwa sababu ninapochukua kushoto 29 na kulia 31, yupo mzazi mahali fulani anayehitaji kinyume chake. Mwagizaji anaweza kuagiza sehemu ya mzigo wake kwa upana wa pili. Kiwanda anachonunulia kinazo kalibu hizo. Wizara yenye dhamana ya elimu inaweza kuandika mstari mmoja unaosema kwamba mtoto mwenye maelezo ya daktari, au ambaye mzazi wake tu amekuja kueleza, aruhusiwe kuvaa kiatu cheusi cha aina yoyote kinachomkaa.

Mpaka hapo, nawaomba wenye watoto wa namna hii tuanze wenyewe, hapahapa kwenye uzi huu. Andikeni saizi na mguu, msiandike jina la mtoto wala la shule. Mimi ninavyo, vipya, vyeusi, vya kamba: kulia 27, 28 na 29, kushoto 29, 30 na 31. Ninahitaji kushoto 30 na kulia 32 kwa ajili ya Januari. Na kama kuna fundi wa Dar es Salaam, Morogoro au Tanga mwenye kalibu pana za watoto, ajitokeze ataje bei yake hadharani, maana wateja tupo.